Mfereji Uliopinda Machoni mwa Afra Slikker

Saa mbili kasorobo asubuhi. Wingu jembamba limelifunika jua la mwisho wa Aprili, na Afra Slikker anafurahi kama mtu aliyeongezewa mshahara.

"Jua kali linaua rangi," anasema, huku akivuta kofia yake ya sufu hadi masikioni. "Siku za jua tulipu mgonjwa anajificha. Leo hana pa kujificha."

Amesimama kwenye ncha ya tuta la mchanga nje kidogo ya Breezand, kaskazini mwa Uholanzi, ambako upepo wa bahari haujui kulala. Mkononi ana chuma kirefu chenye meno mawili, cha kung'olea. Mbele yake kuna miche 340 ya maua ya tulipu: chini zambarau iliyoiva, ukingoni rangi ya chungwa. Mingine ya namna hiyo haipo popote duniani.

Mwenye shamba, Meindert Ruiter, mwenye umri wa miaka 61, amesimama kando na bahasha mfukoni mwa koti. Wiki iliyopita alikata kipande cha jani kwenye kila mche akakipeleka maabara. Karatasi iliyomo kwenye bahasha inataja namba za miche yenye virusi. Afra hajaiona, na hapaswi kuiona.

"Akiwapata wagonjwa wote kwa macho yake, kazi ya msimu ni yake," anasema Meindert. "Akimwacha hata mmoja, kazi inakwenda kwa ile." Ananyoosha kidole kwenye mlango wa ghala, ambako mashine yenye kamera nane imefunikwa turubai. "Ananijua. Sibembelezi mtu."

"Hajanibembeleza tangu mwaka 1994," anadakia Afra. "Hata siku ya harusi yangu alinijia mbele ya watu akaniambia gauni limenibana."

"Lilikukaba," anasema Meindert.

Afra anacheka, anageuka, anaanza kutembea. Kwa mwendo wake utadhani anatafuta sindano iliyodondoka.

Kazi hii wenyewe wanaiita kutafuta wagonjwa. Kila majira ya kuchipua, maua yanapofunguka, mtafutaji hupita tuta kwa tuta na kung'oa tulipu zilizoambukizwa virusi. Dalili ni michirizi myembamba kama uzi kwenye petali, au doa lililofifia kwenye jani ambalo mtu wa kawaida angeapa ni kivuli. Mgonjwa mmoja akiachwa, vidukari hunyonya utomvu wake na kupeleka virusi kwa majirani. Kufikia mwaka unaofuata, tuta zima limekwisha. Bandu bandu huisha gogo.

Afra, mwenye miaka 57, ameifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na moja. Hulipwa yuro kumi na nane kwa saa, na msimu wa wiki nane humwingizia kama yuro 5,700 kabla ya kodi. Kiangazi humenya matunguu ya tulipu ghalani kwa ujira mdogo zaidi. Hapa Breezand waliozeeka katika kazi hiyo wanahesabika, na katika hao jina la Afra lilikuwa juu. Mashamba mengine yalimwazima kwa Meindert kama watu wanavyoazimana ngazi.

Ndiyo maana majira ya kuchipua ya mwaka juzi yalimuuma sana. Wakaguzi walipita kwenye shamba la tulipu nyekundu alilokuwa amelimaliza, wakakuta wagonjwa kumi na mmoja katika tuta moja. Shamba likashushwa daraja.

"Nilimwita," anakumbuka Meindert. "Nikamwambia, Afra, ama umechoka, ama huoni. Niambie ni lipi."

Afra alilaumu jua. Alilaumu miwani. Alilaumu mbegu, akalaumu na mbolea. Kisha akanuna siku tatu, na kwa Afra kunyamaza siku tatu ni sawa na mtu mwingine kufunga mwezi mzima.

"Mimi niliomba asipone haraka," anasema mumewe, Gerbrand, mzee wa miaka 66 aliyestaafu kazi ya kufungua na kufunga daraja la mfereji. "Nyumba ilitulia. Nilisikia saa ya ukutani kwa mara ya kwanza tangu tuinunue."

Ukweli ni kwamba Afra alikuwa na kisukari kwa miaka kumi na miwili wakati huo. Alimeza vidonge vyake, mara nyingine akasahau. Mfukoni hakukosa pipi nyeusi za chumvi, na alijisadikisha kwamba kitu chenye chumvi hakiwezi kuwa na sukari. Hakuwa na maumivu yoyote. Jicho halikuwasha wala halikuwa jekundu. Kwa hiyo kisukari kilibaki jambo la miguu na la daktari wa mtaa, si la macho.

Aliyemfumbua macho hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa bodi ya maji.

Asubuhi moja ya Juni mwaka huohuo, Afra alikuwa akiosha vyombo. Povu likamrukia jicho la kulia. Alilifumba, na kwa jicho la kushoto pekee akatazama nje ya dirisha, kwenye mfereji ulio ng'ambo ya barabara. Ukingo wake ulikuwa umepinda, umebonyea kabisa katikati, kama godoro lililolaliwa miaka mingi.

Mifereji ya huku ilichimbwa kwa kamba, na imenyooka tangu siku hiyo. Nusu ya kijiji iko chini ya usawa wa bahari, na mtu wa huku akiona ukingo umetitia hangoji chai imalizike. Afra alipiga simu bodi ya maji.

"Nikawaambia, ukingo unakwenda, leteni watu," anasema. "Hata sikutaka kuutazama tena. Nilikwenda kutoa picha za wanangu kwenye droo za chini nikazipandisha juu, maji yasije yakazikuta."

Saa mbili baadaye akafika fundi wa makamo na chombo chake cha miguu mitatu cha kupimia usawa. Alipima mita arobaini. Akapima tena. Gerbrand alitoka na kahawa, wakasimama watatu kando ya maji.

"Mama," akasema yule fundi, "mfereji huu umenyooka tangu babu zako. Hebu fumba jicho moja moja, uniambie."

Afra akafumba la kushoto. Mfereji ukanyooka. Akafumba la kulia. Ukapinda.

"Mama yangu naye alianza hivyo," fundi akasema. "Kwake ulikuwa mlango. Baba akaubadilisha, wa pili nao ukapinda. Mama, nenda kwa daktari wa macho, na usiseme utakwenda kesho."

"Na hakutudai hata senti," anasema Gerbrand. "Ila alikula biskuti mbili. Kopo la biskuti kwetu linafunguliwa mara moja, kila mtu moja, linafungwa. Yule alitia mkono likiwa linafungwa."

"Mwache," anasema Afra. "Kwa biskuti moja ya ziada nimepata macho."

Wiki hiyohiyo Afra aliketi mbele ya daktari bingwa wa macho, Sharmila Ramdin, katika hospitali moja ya Alkmaar. Daktari alimuuliza swali jepesi: mara ya mwisho kupigwa picha ya ndani ya macho ilikuwa lini?

"Mwaka jana, Juni kumi na mbili," Afra akajibu bila kusita.

Kompyuta ilisema ni miaka sita iliyopita.

Afra hakukubali kushindwa na kompyuta. Alimpigia mumewe simu palepale, akamtuma chooni. Katika nyumba za huku kalenda ya siku za kuzaliwa hutundikwa chooni, na hukaa humo miongo kwa miongo.

"Ipo," sauti ya Gerbrand ikasikika, ikivuma kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Juni kumi na mbili, picha ya macho. Juni kumi na tatu, shangazi Aagje."

"Umesikia, daktari?" akasema Afra.

"Nimesikia. Ya mwaka gani?"

Kalenda ya siku za kuzaliwa haiandikwi mwaka. Siku ya kuzaliwa ni ileile kila mwaka, mwaka wa nini?

"Shangazi Aagje alifariki mwaka 2016, na bado yumo," Gerbrand akasema taratibu.

Hapo ndipo Afra alipoelewa. Miaka sita nyuma barua ya mwaliko ilimkuta akiwa katikati ya msimu. Akaahirisha mpaka Juni, akaiandika tarehe mahali ambapo hangeweza kukosa kuiona, na siku yenyewe akaenda, akapigwa picha. Kila Juni iliyofuata aliiona tarehe hiyo, akajiambia, ah, ile ya macho, ile nilishakwenda. Wifi yake mmoja aliwahi kutoka chooni akampa mkono na kumpongeza kwa macho, kwa kuwa huku mtu hupongeza kwanza, sababu ataiuliza baadaye. Barua za mwaliko zilizofuata alizitia kapuni na karatasi za matangazo.

"Daktari alicheka mpaka akavua miwani," anasema Afra. "Akaniambia, usijali, na mimi ninayo chooni. Kisha akaacha kucheka, akanionyesha picha."

Daktari Ramdin anakumbuka siku hiyo vizuri. Kazi yake humtaka aeleze jambo lilelile mara kumi kwa siku, na amejifunza kulieleza bila kutisha watu.

"Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, ndio unaopokea picha," anasema. "Unalishwa na mishipa ya damu myembamba kuliko unywele. Sukari ikiwa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hulegea. Hutoa vivimbe vidogo, na vivimbe vikavuja damu na maji. Maji yakituama katikati ya retina, mistari iliyonyooka huonekana imepinda. Mishipa mingine huziba kabisa, na jicho likikosa damu huotesha mishipa mipya, dhaifu, inayopasuka upesi. Na yote hayo yanaweza kuendelea bila mgonjwa kuhisi kitu."

Kwa kawaida hapo huchukua kalamu na kuwaonyesha wagonjwa vidoa kwenye picha, maana hawavioni. Kwa Afra hakuhitaji kalamu.

"Alisogeza kiti, akalitumia jicho lake zuri," anasema daktari. "Akaanza kunionyesha yeye. Hapa, hapa, hapa, na huku pembeni. Nikamuuliza, umesomea wapi? Akasema, shambani."

Afra anatikisa kichwa akisikia hilo. "Nilikuwa natazama kitu ninachokijua. Vidoa vidogo, michirizi, na pale katikati pamevimba. Nikamwambia daktari, hili lingekuwa shamba, ningelishusha daraja mimi mwenyewe." "Niliogopa. Kwa mara ya kwanza niliogopa kwelikweli, kwa sababu sikuwa na haja ya kuambiwa."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Afra hakuwa hata ameyaficha, aliyatundika chooni. Lakini bahati ilikuwa bado upande wake. Jicho la kulia lilikuwa na vidoa vichache tu. La kushoto lilidungwa sindano tisa katika mwaka mmoja, za kukausha maji na kuzuia mishipa mipya, kisha likapigwa mionzi ya leza mara mbili.

"Sindano ndani ya jicho," anasema, akimtazama msikilizaji kwa makini kuona kama atakunja uso. "Wanakutia ganzi kwanza, huumii. Kinachouma ni kuijua. Ile ya kwanza nilimshika muuguzi mkono nikamvunja pete. Ya tisa nilikuwa namsimulia habari za mbwa wetu."

Msimu wa mwaka jana hakutafuta wagonjwa hata siku moja. Alimenya matunguu, basi. Zile yuro 5,700 hazikuonekana, na baiskeli mpya ya Gerbrand ikabaki dukani. Lakini kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kilichokuwa themanini na moja kwa hesabu ya huku, kilishuka hadi hamsini na sita. Pipi nyeusi zimekwisha. Mfukoni sasa ana karoti.

"Anatafuna kama punda," anasema Gerbrand. "Ila punda anayeona."

Madaktari hawakumdanganya. Leza na sindano huzuia, hazirudishi kila kilichopotea. Katika jicho la kushoto limebaki doa la kijivu, dogo, juu kidogo ya katikati. Afra haendeshi tena gari usiku. Na kila kitu kinachoangukia kwenye doa hilo, jicho lile hukipita kana kwamba hakipo. Mapema Aprili hii, Meindert alipomwambia masharti yake, Afra hakubisha. Aliomba wiki mbili.

"Nilikwenda kwenye tuta la mjomba wangu, tulipu za kawaida tu," anasema. "Nikajipima. Nilitaka kujua ninakosea wapi. Si ninakosea au sikosei, hilo nilishalijua."

Sasa, katika kitalu cha Meindert, saa tatu imepita. Afra ameshatembea tuta zima kutoka mashariki kwenda magharibi. Haketi kwenye kigari cha kupitia juu ya matuta kama wengine, anasema kinamharakisha. Mara tatu amesimama, akainama, akainua petali kwa kidole kimoja, akachomeka kijiti cheupe kando ya mche. Mara moja alipiga magoti, akatazama jani kutoka chini, dhidi ya mwanga, kisha akainuka bila kuchomeka kitu.

Anafika mwisho. Vijiti vitatu.

Meindert ametoa karatasi kwenye bahasha. Anaitazama, anavitazama vijiti, anaitazama tena. Si mtu wa kuficha uso, na uso wake hauna habari njema. Mbinja aliyokuwa akiipiga imekatika.

"Basi, Afra," anasema. "Umemaliza."

"Nani kakwambia nimemaliza?"

"Si umefika mwisho?"

"Nimefika nusu," anasema Afra. "Kwenda nimekwenda. Bado sijarudi."

Anageuka, na anaanza upya, safari hii kutoka magharibi kwenda mashariki. Kile kilichokuwa kushoto kwake sasa kiko kulia. Kilichopita kwenye doa la kijivu sasa kinapita mbele ya jicho zima. Hilo ndilo alilojifundisha kwenye tuta la mjomba wake: kila tuta mara mbili, kwenda na kurudi, na kutolihesabu jicho la kushoto kuwa shahidi. Inamchukua muda maradufu. Meindert anatazama saa yake.

Katikati ya tuta Afra anasimama. Upepo umekuja, miche inayumba, naye anangoja itulie. Anainama. Ua lenyewe ni zuri, pengine zuri kuliko yote. Kwenye ukingo wake wa chungwa, upande uliolitazama boma la udongo linalozuia bahari, kuna mchirizi mmoja uliopauka, urefu wa punje ya mchele.

Anachomeka kijiti cha nne.

Anaendelea hadi mwisho bila kusimama tena. Kisha anajinyoosha, anashika kiuno, anamtazama mwajiri wake. "Sasa nimemaliza. Wanne. Ukisema watano, basi wa tano ni maabara yako inayoumwa."

Meindert anatembea hadi kwenye kijiti cha nne, anapiga magoti kwenye mchanga na suruali yake nzuri, anavaa miwani ya kusomea. Analigeuza ua huku na huku. Anaitazama karatasi, kisha analigeuza tena.

"Mimi sioni kitu," anasema mwishowe.

"Karatasi inasemaje?"

"Inasema yumo."

"Wote wanne?"

"Wote wanne."

Meindert anawang'oa yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, pamoja na tunguu lake, na kuwatia kwenye mfuko wa plastiki. Inamuuma, inaonekana wazi. Katika miche 340 imebaki 336, na kila mmoja amemlea tangu mbegu kwa miaka kumi na mitatu. Mashine yake, anaeleza, inahitaji kuonyeshwa maelfu ya picha za tulipu wagonjwa wa aina moja kabla ya kuwatambua. Za aina hii picha hizo hazipo, na Mungu akijalia hazitakuwepo kamwe.

"Halafu mashine hairudi," anaongeza, akifunga mfuko. "Inakwenda tu."

"Ifundishe," anasema Afra.

"Nina wewe. Kesho saa mbili, zile nyekundu. Na uje na chakula chako, sitaki ule karoti kwenye ghala langu, zinapiga kelele."

Hivyo ndivyo kazi inavyorudishwa Breezand. Afra anaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumimina kahawa kutoka kwenye chupa, isiyo na sukari. Anasema ana furaha kiasi kwamba angeweza kumbusu Meindert, ila angeharibu siku ya watu wawili.

Tulipu mpya haiendi sokoni upesi. Matunguu huongezeka polepole, na kwa hesabu ya Meindert hii itahitaji miaka tisa zaidi kabla ya kujaza hekta moja. Afra atakuwa na miaka 66. Daktari Ramdin hamwahidi chochote cha miaka tisa. Humwahidi miezi sita, picha mpya, kisha mingine sita.

"Nami nachukua sita sita," anasema. Anatazama tuta, ambako mahali pa wale wanne pamebaki mashimo madogo ya mchanga mweusi. "Nitakwenda kila ninapoitwa, hata kama ni katikati ya msimu, hata Meindert akipiga kelele. Nataka kuja asubuhi moja hapa, kuna wingu kama leo, hekta nzima imefunguka, hiyo zambarau na hilo chungwa mpaka kwenye boma. Nitaipita yote, kwenda na kurudi. Na nisimpate hata mgonjwa mmoja."